Schwerin, mji wa maziwa saba: maswali ninayoulizwa kila kiangazi

Nimekulia Mwanza, naishi Hamburg, na kila ifikapo Juni sebule yangu hugeuka nyumba ya wageni. Anakuja binamu, anakuja shemeji, anakuja rafiki wa shemeji ambaye simjui. Wakishamaliza bandari ya Hamburg na maduka yake, huwapeleka Schwerin. Maswali yao ni yale yale mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nimeyaweka hapa nipumzishe koo.

Schwerin iko wapi, na mbona sijawahi kuisikia?

Iko kaskazini mashariki mwa Ujerumani, kama kilomita 110 kutoka Hamburg na zaidi ya 200 kutoka Berlin. Ni makao makuu ya jimbo la Mecklenburg-Vorpommern, na ndiyo makao makuu ya jimbo madogo kuliko yote nchini humo: wakazi wake hawafiki 100,000. Hujaisikia kwa sababu haina uwanja mkubwa wa ndege wala timu ya mpira inayoonyeshwa kwenye vibanda vyetu. Isitoshe, hadi 1990 ilikuwa Ujerumani Mashariki, na watalii wa kwetu wakati huo hawakuwa wengi.

Jina lake linatamkwaje?

Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila mgeni wangu husema "SHWErin". Wenyewe hukaza ya mwisho: "shve-RIIN". Jizoeze kabla hujafika kwenye dirisha la tiketi. Ukiibana sana inageuka "Schwein", na hilo ni nguruwe. Shemeji yangu aliomba tiketi mbili za kwenda Nguruwe, na yule mama dirishani akajikaza asicheke.

Hayo maziwa saba ni yapi?

Kwanza, si ya kunywa. Mpwa wangu wa miaka sita aliposikia tunaenda "mji wa maziwa" alibeba kikombe.

Pili, usinibane na hesabu. Mji wenyewe hujiita wa maziwa saba, lakini ukifungua ramani utahesabu zaidi, na wenyeji wenyewe hawakubaliani yapi yaachwe. Kubwa ni Schweriner See, lenye kilomita za mraba 61 hivi na kina kinachofika mita 52. Ni la nne kwa ukubwa Ujerumani nzima. Mtu wa Mwanza husikia hivyo akaguna, maana ndani ya Ziwa Victoria lingeingia zaidi ya mara elfu moja. Lakini uzuri wake hauko kwenye ukubwa. Uko kwenye namna maji yanavyoingia mjini: unatoka dukani, unakata kona, ziwa hili hapa. Unavuka barabara, jingine.

Lile la katikati kabisa, Pfaffenteich, kwa kweli ni bwawa. Liliundwa karne ya 12 kwa kuzuia maji, na leo limezungukwa na miti na majumba ya zamani kama kioo kilichotiwa fremu. Majira ya joto kuna kivuko kidogo kinacholikata toka ng'ambo hadi ng'ambo kwa dakika chache. Ukitembea kwa miguu utafika karibu wakati ule ule, lakini panda tu.

Viza napataje?

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90, watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, walio chini ya hapo bure. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, ila ukisubiri siku 15 umejitafutia presha. Miadi ya kiangazi hujaa mapema. Kinachoangusha wengi ni kushindwa kuonyesha kwamba watarudi: barua ya kazi, leseni ya biashara, taarifa ya benki yenye mizunguko ya kweli, si milioni tano zilizoingia jana.

Nikishatua, nafikaje?

Tua Hamburg au Berlin, kisha treni. Kutoka Hamburg treni ya kasi huchukua kama saa moja, ya mkoa kama saa moja na nusu. Mimi huwapandisha ya mkoa. Ni nafuu, na tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket inakubalika humo, wakati kwenye treni za kasi haikubaliki. Jihadhari: tiketi hiyo ni ya kujiandikisha, na usipoisitisha kwa wakati itaendelea kukukata pesa wakati wewe uko Kariakoo unauza vitenge. Kwa wageni wa siku chache walio kundi, kuna tiketi ya siku ya jimbo inayobeba hadi watu watano. Reli za huko hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, kwa hiyo tazama ratiba siku moja kabla.

Kutoka stesheni hadi Pfaffenteich ni dakika tano kwa miguu, hadi kasri kama ishirini. Teksi huhitaji.

Kasri lenyewe lina nini hasa?

Hapa nitakaa kidogo.

Kasri la Schwerin limesimama juu ya kisiwa, na unaingia kwa daraja. Ukiwa upande wa mjini unaona minara juu ya minara, na kuba la dhahabu linalowaka jua likilipiga. Asubuhi isiyo na upepo kasri zima linalala kifudifudi majini. Hapo ndipo wageni wangu wote huacha kulalamika kuhusu miguu.

Sura unayoiona ni ya kati ya 1845 na 1857, ilipojengwa upya kwa ajili ya watawala wa Mecklenburg. Mmoja wa wasanifu wake, Georg Adolf Demmler, ndiye aliyechora sehemu kubwa ya mji wa karne ile. Lakini kisiwa chenyewe ni kikongwe. Karne ya 10 msafiri kutoka Andalusia, Ibrahim ibn Yaqub, aliandika kwa Kiarabu habari za ngome ya Waslavi iliyojengwa ndani ya ziwa la maji baridi, na wengi wanaamini aliizungumzia hii. Kwa hiyo huenda habari ya kwanza ya mahali hapa iliandikwa kwa herufi zile zile babu zetu wa pwani walizoandikia tenzi.

Mwaka 1160 Henry the Lion, mtawala wa Saxony ambaye Wajerumani humwita Heinrich der Löwe, alikuja na jeshi. Mtawala wa Waslavi wa eneo hili, Niklot, aliichoma ngome yake mwenyewe kuliko kumwachia, kisha akauawa vitani. Ukisimama mbele ya lango kuu tazama juu: yule mpanda farasi ni Niklot. Inakuwaje aliyeshindwa awekwe juu ya mlango? Kwa sababu mwanawe Pribislav alipatana na mshindi akarudishiwa sehemu kubwa ya nchi, na uzao wake ukatawala Mecklenburg hadi 1918. Aliyeshinda ana sanamu sokoni, kwenye nguzo yenye simba, na mchongaji amechonga pale wananchi wa mji mmoja wakimwonyesha makalio. Mama mdogo wangu alipiga picha ile nguzo kutoka pande zote nne.

Baada ya wafalme, kasri limepitia mengi. Moto wa Desemba 1913 uliteketeza kama theluthi yake. Wakati wa Ujerumani Mashariki lilikuwa chuo cha walimu wa chekechea. Tangu 1990 bunge la jimbo linakaa humo, ghorofa nyingine ni makumbusho yenye chumba cha kiti cha enzi. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mkusanyiko mzima wa majengo ya watawala hawa, kasri pamoja na bustani, kanisa kuu, thieta na mengine, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Makumbusho hufungwa Jumatatu. Bustani ni bure, na kwangu mimi bustani ndiyo nusu ya raha.

Nimesikia kuna jini humo ndani.

Lipo, na lina jina: Petermännchen. Ni kibwengo kifupi chenye mabuti, upanga na funguo. Hadithi zinasema huwachezea shere wenye nia mbaya na kuwalipa wema. Watoto watampenda. Mgeni wangu mmoja kutoka Tanga alitaka kujua kama anatolewa ubani.

Je, mji huu una uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Unao, na si wa kufurahisha wote.

Mwanamfalme mmoja aliyezaliwa hapa 1857, Johann Albrecht, aliongoza Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani kuanzia 1895, miaka ile ile Wajerumani walipokuwa wakiitia Tanganyika mkononi. Mdogo wake, Adolf Friedrich, naye mzaliwa wa Schwerin wa 1873, alikuja mwenyewe. Mwaka 1907 aliongoza msafara kutoka Bukoba, akaingia Rwanda, akapita Ziwa Kivu na milima ya volkano, hadi misitu ya Kongo, akatokea Atlantiki 1908.

Huko Nyanza ya Rwanda, kwenye baraza la Mwami, yaani mfalme, Yuhi Musinga, ilipigwa picha ambayo huenda umeiona: kijana wa Kinyarwanda ameruka juu ya ufito, na chini yake wamesimama Wazungu wawili wima, kofia vichwani, na bado pamebaki nafasi. Mmoja wao ni huyu Adolf Friedrich. Wageni walidai ufito ulikuwa mita 2.50. Ni kweli warukaji waliondokea kwenye kichuguu kidogo, lakini hebu jaribu wewe. Baadaye sana, baada ya Vita vya Pili, mwanamfalme yule yule akawa mwenyekiti wa kwanza wa kamati ya Olimpiki ya Ujerumani.

Msafara ule haukurudi na picha tu. Mwanaanthropolojia wake, Jan Czekanowski, alikusanya mamia ya mafuvu ya watu, mengi yakitoka Rwanda, yakapelekwa Berlin. Mjadala wa kuyarudisha bado unaendelea. Nikiwa na mgeni wa kutoka Kigali au Bukoba huwa nasimama naye darajani kabla hatujaingia ndani, namsimulia, kisha tunaingia. Sipendi mtu aone dhahabu kwanza.

Uhusiano wa pili ni wa juzi. Kusini mwa mji kuna mtaa wa Großer Dreesch, maghorofa ya zege yaliyopangwa mstari, yaliyoanza kujengwa 1971. Mpeleke Mzanzibari pale kwa tramu uone: "Ah, Michenzani!" Hajakosea. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Ujerumani Mashariki ndiyo iliyosaidia kujenga maghorofa ya kwanza ya namna hiyo Unguja, kule Kikwajuni, na mpango wa mji wa 1968 ulichorwa na mtaalamu wake.

Siku moja inatosha?

Kwa picha, ndiyo. Lakini wenye safari ya siku moja huondoka saa kumi na moja jioni, na hapo ndipo mji unaanza. Makundi yameshaondoka, wenyeji wanatoka na mbwa na baiskeli, makasia yanapiga maji pale Burgsee, ziwa dogo la pembeni mwa kasri. Lala usiku mmoja. Ukiwa na wa pili, Wismar iko kama nusu saa kwa treni kwenye Bahari ya Baltiki, na yenyewe iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2002.

Ziwani kuna mamba? Kichocho je?

Mamba hakuna, kiboko hakuna, kichocho hakuna. Msimu wa joto kali kuna vijidudu vya ndege wa majini vinavyoweza kukuwasha ngozi siku chache, basi. Ogelea mbali na kina kifupi chenye matope na majani, oga ukitoka, jikaushe kwa taulo. Cha kuogopa zaidi ni kupe wa nchi kavu: ukitoka kwenye nyasi ndefu jikague magotini, kwapani na kinenani, maana huambukiza ugonjwa.

Ufukwe maarufu ni Zippendorf, una mchanga na unafikika kwa usafiri wa umma. Maji ya Julai ni kama nyuzi 20, yaani kwa mtu wa Mombasa ni barafu.

Jambo la kukuandaa kisaikolojia: mashariki mwa Ujerumani kuoga uchi ni desturi ya miaka mingi, na si uhuni. Ukiona kibao cha herufi FKK, mbele yako kuna babu na bibi kama walivyozaliwa, wanasoma gazeti. Hakuna anayekulazimisha, hakuna anayekutazama, nawe usitazame. Na usitoe simu. Kama uko na wakwe, geuza njia mapema.

Niende mwezi gani?

Mei hadi Septemba. Juni jua linazama karibu saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni, na boti za watalii zimeshafungwa.

Kwa Waislamu: katikati ya Juni giza halikamiliki kabisa, wekundu wa magharibi unahamia mashariki bila kuzimika. Isha na alfajiri zinakaribia kukutana. Misikiti ya Ujerumani ina kalenda zake za kukadiria, kwa hiyo chukua ratiba ya eneo hilo na usitegemee programu ya simu iliyopangwa kwa Dar.

Koti la mvua bebeni hata Julai. Nimesema hata Julai.

Mvua ikinyesha tufanye nini?

Kanisa kuu. Ni la matofali mekundu, mnara wake una mita 117.5, na kuna ngazi 220 za kukufikisha kwenye roshani ya kutazamia. Ukifika juu ndipo utaelewa jina la mji, maana maji yako kila upande. Kama miguu haitaki, kaa chini usikilize kinanda cha Friedrich Ladegast cha 1871, ukibahatika kukuta mtu anapiga.

Kisha makumbusho ya sanaa ya jimbo, jengo la 1882 karibu na kasri. Yamekuwa kwenye ukarabati mkubwa, kwa hiyo hakikisha yako wazi. Humo kuna Clara. Clara ni kifaru wa India aliyezungushwa Ulaya yote karne ya 18 kama maonyesho, na mchoraji Mfaransa Jean-Baptiste Oudry alimchora 1749 kwa ukubwa wake halisi. Turubai ni ukuta mzima. Ana pembe moja, ngozi imekunjana kama koti la kuazima, na jicho dogo lenye uchovu. Sisi tuliozoea kifaru wa Ngorongoro tukiwa ndani ya gari, kumkaribia namna hii ni kitu kingine.

Chakula nitapata? Halali?

Samaki ndiyo salama yako: samaki wa maji baridi anayefanana na sangara, aitwaye Zander, na Maräne, kisamaki cha maziwani kinachokaangwa au kukaushwa kwa moshi. Mkate wenye samaki na kitunguu, Fischbrötchen, unashika tumbo hadi jioni. Ukiona Rippenbraten, ujue ni nguruwe aliyejazwa matunda. Schmalz ni mafuta ya nguruwe, na huja mezani kama siagi. Kwenye maduka ya döner, mkate wa nyama wa Kituruki, uliza waziwazi, usikisie. Pilipili beba yako. Ninachoita mimi chachandu, wao huita hatari.

Mtu mweusi yuko salama?

Nitakujibu kama ninavyomjibu mdogo wangu. Nimeenda mara nyingi, mchana na jioni, na sijaguswa. Nimetazamwa, ndiyo, hasa kwenye tramu za mitaa ya nje, kwa sababu weusi ni wachache huko kuliko Hamburg. Mashariki mwa Ujerumani chama kinachopinga wahamiaji kina nguvu, na kujifanya hujui hakukusaidii. Usiku mwingi siku za mechi epuka makundi ya walevi stesheni. Ukipata shida, namba ya polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto 112. Na mara nyingi zaidi utakutana na bibi atakayekusimamisha akusimulie kwamba alisoma darasa moja na Mwafrika miaka ya sabini.

Bibi huyo Kiingereza hajui. Shuleni alifundishwa Kirusi. Vijana wanajua. Ukiingia mahali sema "Moin", asubuhi au jioni, inatosha.

Kuna vijimambo gani vya kujua?

Jumapili maduka hufungwa, nunua maji Jumamosi. Ukitaka maji yasiyo na gesi sema "still". Chupa ya plastiki usitupe, ni senti 25 unarudishiwa dukani. Weka sarafu za choo. Njia ya baiskeli si ya kusimama kupiga picha, utapigwa kengele, kisha maneno.

Nilale wapi?

Katikati ya mji mkongwe au Schelfstadt, mtaa wa karne ya 18 ulio kati ya Pfaffenteich na ziwa kubwa. Nyumba ndogo za wageni ni nzuri kuliko hoteli, ila uliza mapokezi yanafungwa saa ngapi. Safari moja tulifika saa tatu usiku na mama mdogo, mlango umefungwa tangu saa kumi na mbili, ufunguo uko kwenye kisanduku ukutani, na namba ya kisanduku iko kwenye barua pepe, kwenye simu iliyozimika chaji. Mama mdogo alikaa juu ya sanduku lake, akafungua kanga, akatoa chapati alizozipika Hamburg, akaanza kula bila kunikaribisha. Kijana wa ghorofa ya juu alitupa waya wa chaji kwa dirishani. Andika hiyo namba kwenye karatasi.